Vumbi la machubwi: madini ya risasi yanavyoingia kwenye ubongo wa mtoto, na namna ya kuyakatia njia

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Mume wangu ni mvuvi, na bahari ikichafuka hukaa nyumbani akavunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi uani, asubu machubwi ya kuuza, yale mazito ya kuzamishia nyavu na mishipi. Mtoto wetu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Maneno yake hayafiki kumi, na kila akiokotacho hutia mdomoni. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Jirani ananiambia risasi haina neno ilimradi mtoto apewe maziwa, kwa kuwa maziwa huua sumu. Ni kweli? Na kama imeshamdhuru, kuna dawa ya kuitoa? Akili yake itarudi?"

Marahaba, mama. Nakupa majibu mafupi kwanza, maana yapo ya kufanya leo. Maziwa hayaui risasi. Dawa ya kuitoa mwilini ipo, ila ni ya watoto wenye kiwango kikubwa sana, na hairudishi kilichopotea. Kinachomwokoa mtoto ni kuikatia risasi njia ya kufika mdomoni mwake, na kazi hiyo iko mikononi mwako na mwa mumeo zaidi kuliko mwa hospitali. Uyeyushaji usimame leo. Msisubiri kumaliza betri zilizobaki.

Kuna hali mbili zisizongoja kipimo wala miadi. Ya kwanza: mtoto akimeza chubwi au kipande cha risasi, hata kidogo kama punje ya mahindi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha ya eksirei. Asidi ya tumboni huiyeyusha risasi kidogo kidogo, na kipande kikikaa tumboni siku chache kinaweza kupandisha kiwango cha damu hadi pa hatari. Ya pili: mtoto anayekaa karibu na risasi akianza kutapika tena na tena, kulegea, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuyumba anapotembea au kupata degedege, hiyo ni dharura ya ubongo. Mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba nyumbani huyeyushwa betri. Msipolisema hilo, atatibiwa malaria peke yake.

Sasa tuelezane hatari yenyewe iko wapi, kwa sababu wengi wanadhani ni lile donge zito la kijivu. Donge likilala kwenye wavu halimdhuru sana mtu asiyelishika wala kulitia mdomoni. Hatari ni vumbi. Ndani ya betri, pleti zimepakwa uji mzito wa misombo ya risasi, na uji huo ukikauka huwa unga laini kuliko wa sembe. Ukipasua betri kwa shoka, unga huo unamwagika. Ukimwaga maji ya betri chini, yanabeba chembe zake na kuzizamisha kwenye mchanga wa ua. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na jiko la mkaa hupita hapo bila shida. Kadiri moto unavyozidi ndivyo mvuke unavyoongezeka, na mvuke huo ukipoa hewani hugeuka vumbi jembamba lisiloonekana, likatua kwenye mikeka, kwenye ndoo za maji na kwenye nguo zilizoanikwa. Yale mavi ya risasi, utando wa kijivu au wa manjano unaoelea juu ya sufuria na ambao fundi huukwangua na kuutupa kando, ndiyo mabaya kuliko yote. Ni risasi iliyochanganyika na hewa ikawa unga, na mwili hunyonya unga huo kwa wepesi kuliko unavyonyonya donge.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Mtoto wa kilo 12 ana damu isiyofika lita moja. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kikifikiwa chanzo kitafutwe na kiondolewe ni mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, desilita ni sehemu ya kumi ya lita). Piga hesabu: risasi yote iliyomo kwenye damu ya mtoto huyo ni kama mikrogramu 45, na punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi. Ndiyo maana "nimefagia, pako safi" haitoshi kuwa jibu.

Na kwa nini mtoto aumie kuliko babake aliyeinamia jiko? Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake hunyonya sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Mtoto mdogo anaweza kunyonya karibu nusu. Huyo huyo ndiye anayetambaa na kuchezea chini na kulamba vidole, na umri wa mwanao, kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu, ndio ambao viwango vya damu hupanda zaidi. Mwili huidhani risasi kuwa kalsiamu. Ubongo hutumia kalsiamu kupitisha ujumbe kati ya seli moja ya neva na nyingine, na katika miaka hii ya mwanzo ndipo viungo kati ya seli hizo hutungwa kwa wingi, kisha vinavyotumika vikaimarishwa na visivyotumika vikapogolewa. Risasi ikikaa mahali pa kalsiamu, ujumbe unakwama. Vinavyopaswa kuimarika vinalegea, na upogoaji unakwenda ovyo. Matokeo yake huonekana baadaye: umakini mfupi, hasira za ghafla, kuchelewa kujifunza, alama za chini shuleni. Mtoto hana homa, halalamiki popote, na mwalimu anamwita mtundu au mzembe.

Mwaka 2005 zilichapishwa takwimu zilizounganishwa za watoto 1,333 kutoka tafiti 7 za nchi mbalimbali. Kiwango cha damu kilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10, vipimo vya akili vilishuka kwa takriban pointi 3.9. Kutoka 10 hadi 20 vilishuka kwa 1.9 zaidi, na kutoka 20 hadi 30 kwa 1.1. Tazama hesabu hiyo ilivyopinda: hasara kubwa ya akili iko kwenye zile mikrogramu za kwanza. Kwa hiyo akikwambia mtu kiwango cha mtoto "si kikubwa", usitulie. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Nirudi kwa jirani yako, kwa kuwa hakukudanganya kwa makusudi. Imani ya maziwa ipo hata kwenye karakana, mafundi hunywa pakiti moja jioni wakaamini wamesafika. Ukweli uliojificha humo ni huu: mtoto aliyepungukiwa kalsiamu na madini ya chuma hunyonya risasi nyingi zaidi, na tumbo tupu huinyonya zaidi kuliko lililoshiba. Basi mpe uji au chakula asubuhi kabla hajatoka kucheza. Mpe dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa kikombe kimoja au viwili kwa siku, maharage, dengu, maini, mboga za majani, na chungwa au embe pamoja na mlo ili chuma kinyonywe vizuri. Chai kwenye mlo iacheni, huzuia chuma. Maziwa nayo yakizidi sana hushibisha mtoto akaacha chakula chenye chuma. Lakini elewa kwamba lishe hupunguza kinachoingia tu. Haikitoi kilichokwisha kuingia, wala haishindani na ua uliojaa vumbi la betri.

Kipimo ni cha damu, hakuna kingine. Msikubali kipimo cha nywele wala cha mkojo baada ya kunyweshwa "dawa ya kusafisha". Majibu yake hayamwongozi daktari. Mwombe daktari wa watoto kwenye hospitali ya mkoa aandike kipimo cha risasi kwenye damu, aulize maabara ipi inakipima au inapeleka sampuli wapi. Damu ya kuchoma kidole inafaa kwa kuanzia, ila vumbi la kwenye ngozi huingia katika tone na kupandisha jibu uongo, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuchoma, na jibu likiwa juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Siku hiyo hiyo apimwe wingi wa damu na akiba ya chuma.

Mkipewa karatasi ya majibu, angalieni kizio kwanza. Maabara moja huandika kwa desilita, nyingine kwa lita, nyingine kwa mikromoli. Mikrogramu 5 kwa desilita ni sawa na 50 kwa lita, na ni sawa na mikromoli 0.24 kwa lita. Watu wamepata hofu bure au kutulia bure kwa kuisoma namba bila kizio chake.

Jibu likiwa 5 au zaidi, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na kipimo kirudiwe ndani ya miezi mitatu. Likipita 10, warudie baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kati ya 20 na 44 warudie kati ya wiki mbili na mwezi, na daktari amchunguze mwili mzima, pengine na eksirei ya tumbo. Kuanzia 45 ndipo dawa za kunasa risasi hutolewa kwa watoto, na hapo msikae nyumbani kusubiri, kipimo cha kuthibitisha kifanywe ndani ya siku mbili. Dawa ya kumeza inayotumika sana ni saksima (kwa Kiingereza succimer). Ya sindano ni kalsiamu disodiamu EDTA, na jina hilo lisomwe lote mpaka mwisho: iko dawa nyingine iitwayo disodiamu EDTA isiyo na kalsiamu, na watoto wamekufa kwa kupewa hiyo kimakosa kwa sababu huporomosha kalsiamu ya damu na moyo ukasimama. Dawa hizi ni za hospitalini. Mtoto akizinywa huku anarudi kwenye ua uleule wenye vumbi, kiwango hupanda tena, na kazi yote ikawa bure.

Kwa nini zisitolewe kwa kila mtoto? Nchini Marekani watoto 780 waliokuwa na viwango kati ya 20 na 44 waligawanywa, nusu wakapewa saksima na nusu vidonge visivyo na dawa. Risasi ya damu ilishuka haraka zaidi kwa waliopewa saksima. Vipimo vya akili, lugha na tabia miaka mitatu baadaye havikutofautiana. Majibu hayo yalitolewa mwaka 2001 na ndiyo sababu narudia neno chanzo kila mahali. Na msinunue majani wala unga wa "kuondoa sumu" unaouzwa mitandaoni. Baadhi ya dawa za asili zimekutwa na risasi ndani yake.

Sasa usafi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Fagio la chelewa liwekeni kando kabisa. Kufagia vumbi la risasi ni kulirusha hewani na kulitandaza upya, na kupuliza kwa feni ni vivyo hivyo. Kila kitu kifanywe kimajimaji. Wewe mwenyewe usiifanye kazi hii kwa kuwa una mimba. Aifanye mumeo au mtu mzima mwingine, watoto wakiwa kwa bibi au kwa jirani tangu asubuhi hadi sakafu ikauke. Afunike pua na mdomo kwa barakoa ya fundi inayobana pande zote; kitambaa cha kanga hakizuii vumbi hilo.

Aanze na mabaki. Betri zilizopasuliwa, pleti, mavi ya risasi, majivu ya jiko lile na sufuria ya kuyeyushia viwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, vinyunyiziwe maji kwanza visitimke. Sufuria hiyo isirudi jikoni hata ikisuguliwa mara mia, wala isiuzwe kama chombo. Majivu hayo yasimwagwe bustanini. Kisha ndani ya nyumba: ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni ya unga na moja ya kusuuzia. Apige deki akianzia chumba cha ndani kuelekea mlangoni, apanguse madirisha, vizingiti, meza na miguu ya kitanda kwa kitambaa kibichi, abadilishe maji kila chumba, na vitambaa vitupwe, visifuliwe. Maji machafu yamwagwe chooni, si uani. Mkeka uliokuwa ukitandikwa uani wakati wa kuyeyusha ni vigumu kusafika, heri kuutupa. Dawa ya madoa haiiondoi risasi, na maji ya kunywa yaliyoingiwa vumbi hayatibiki kwa kuchemshwa: maji hupungua, risasi hubaki palepale. Tangi na ndoo zimwagwe, zisuguliwe, zijazwe upya.

Ua ndio mgumu. Mahali palipokuwa na jiko na mahali palipomwagwa maji ya betri, mchanga wa juu una risasi na hautaisha kwa mvua wala kwa miaka, risasi haiozi. Kuuchimba kiholela kunatimua vumbi na kuhamishia tatizo kwa jirani. La kufanya nyumbani ni kupafunika: nyunyizia maji, tandika turubai nzito au magunia ya plastiki, kisha mwaga sementi juu yake, au kifusi safi kisichopungua sentimita 15 na kukishindilia. Wekeni uzio hapo hadi kazi iishe. Kuku wasichakure hapo wala mchicha usipandwe, kwa kuwa mayai na mboga hubeba risasi nazo.

Baada ya siku hiyo, mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, kucha zikatwe fupi, vitu vyake vya kuchezea vioshwe, na sakafu ipigwe deki mara mbili kwa wiki.

Kuhusu riziki ya mumeo. Machubwi yanaweza kusubiwa kwa saruji kwenye kalibu za chupa za plastiki, au yakawa nati na vipande vya nondo vilivyofungwa kwa kamba, na mawe yaliyotobolewa yalikuwapo kabla ya betri. Ni makubwa kuliko ya risasi kwa uzito uleule, hilo ni kweli, na kwenye mshipi mwembamba yatasumbua. Kwenye wavu hayasumbui. Betri chakavu ziuzwe nzima, zikiwa na maji yake, zisipasuliwe. Kama ana risasi safi tayari ambayo lazima amalizane nayo, isiwe nyumbani wala karibu na watu, na arudi akiwa ameoga na kubadili nguo huko huko, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Msidhani kazi ya uani ni ndogo mno kuleta maafa. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 baada ya miaka ya betri kupasuliwa mtaani na watu kuchekecha mchanga ili wapate mabaki ya risasi. Na jirani zenu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri, wamepigania fidia mahakamani miaka mingi.

Mimba yako. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma, na risasi ya zamani iliyojificha kwenye mifupa yako hutoka pamoja na kalsiamu wakati mwili unapojenga mifupa ya mtoto. Pima damu nawe. Waambie kliniki, umeze vidonge vya chuma na foliki kila siku, na uulize vya kalsiamu: kwa mjamzito asiyepata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, zikigawanywa na zisimezwe pamoja na vya chuma. Kama unatafuna pemba, acha leo. Udongo huo umepimwa mara kadhaa katika Afrika Mashariki ukakutwa na risasi. Ukijifungua, nyonyesha, wataalamu wa Marekani husitisha kunyonyesha kwa muda pale tu damu ya mama inapofika mikrogramu 40.

Pitieni pia vitu vingine vya nyumbani. Wanja wa manga unaopakwa watoto machoni mara nyingi ni jiwe la risasi lililosagwa, usimpake mtoto hata siku moja. Sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu hutoa risasi hasa zikipikiwa vitu vichachu kama ukwaju, ndimu na nyanya. Rangi ya mafuta ya zamani inayobanduka mlangoni isipigwe msasa mkavu.

Tumalizie na usemi wake. Mtoto wa miaka miwili na nusu anatarajiwa kuwa na maneno yasiyopungua 50 na kuyaunganisha mawili mawili, kwa hiyo una haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini usiitwike risasi lawama zote kabla masikio hayajapimwa. Usaha wa sikio unaojirudia na usikivu hafifu huchelewesha maneno vilevile, na hivyo vina tiba. Omba apimwe usikivu na apelekwe kwa mtaalamu wa matamshi na lugha mapema, hata kabla majibu ya risasi hayajarudi. Ulichouliza kama akili itarudi: sehemu iliyopotea kwa risasi haijulikani kurudi kwa dawa yoyote, ila ubongo wa umri huu bado unajengwa, na mtoto anayesemeshwa, anayeimbiwa na kutajiwa jina la kila anachokishika hujenga njia nyingine. Chuma kikiwa pungufu, kukirudisha kunasaidia nako.

Risasi ya damu yenyewe hupungua polepole ikikatiwa njia, kwa wiki na miezi, kwa sababu mifupa huendelea kuitema. Kipimo cha pili kisiposhuka hata kidogo, basi kuna chanzo mlichokisahau. Tazameni nyavu zenye machubwi zilizowekwa chini ya kitanda anacholala, sanduku la mishipi, kiti cha pikipiki, na fulana ambayo babake huivaa kazini na kumbebea jioni.